Vile viplastiki vya kwenye tao la tairi: kuvitambua, kuvitafuta na kuvifunga visidondoke tena

FundiBodi_Ndeeba

Wakuu, habari za kazi.

Mvua zikianza tu, maswali ninayoletewa ni yale yale: plastiki nyeusi za kuzunguka tairi. Mtu kapita kwenye dimbwi kule Bwaise, kasikia kitu kinakwaruza, akifika nyumbani anakuta kipande kinaning'inia au hakipo kabisa. Kesho yake anaingia Kisekka, soko la spea la Kampala, na sentensi moja: "Nipe ile plastiki ya kwenye tairi." Analetewa kitu cheusi kilichopinda, analipa, akifika kwa makanika hakiingii. Pesa imekwenda na siku imekwenda. Jambo hili linaniuma kwa sababu linaepukika, ndiyo maana nimeamua kuandika kwa kirefu.

Tuanze na kujua tunatafuta nini. Kata usukani hadi mwisho, kisha chuchumaa utazame ndani ya tao la tairi la mbele. Ile plastiki pana iliyokunjwa kufuata duara ndiyo laina ya fenda. Kwenye magari mengi haiko kipande kimoja. Kuna sehemu ya mbele na ya nyuma zinazopishana, na ikidondoka moja watu hudhani imedondoka yote. Shuka na macho hadi chini kabisa, mbele ya tairi. Utaona kiulimi kifupi kinachoning'inia. Hicho si madiflapu (ile ya kuzuia tope nyuma ya tairi) iliyowekwa pasipo pake. Kazi yake ni kuugeuza upepo usipige uso wa tairi moja kwa moja, na kwa sababu kiko chini sana, ndicho cha kwanza kugusa ukingo wa barabara unapoegesha.

Upande wa nje, kwenye ukingo wa bati, magari kama RAV4 yana ovafenda, ule mkanda mpana unaozunguka tao. Halafu kuna vidogo kuliko vyote: vifuniko vya kona pale bampa inapokutana na fenda, na vile vya pembe tatu pale tao linapoishia kwenye ubavu wa gari chini ya mlango. Hivi hukaa kwa klipu moja au mbili tu. Ndivyo vinavyopotea zaidi, na ndivyo vigumu zaidi kuvieleza kwa muuzaji.

Kipande kikiwa bado unacho, hata nusu yake, kioshe mgongoni kwa brashi na sabuni. Upande usioonekana, kiwanda huchapa namba ndani ya plastiki yenyewe. Kwa Toyota ni tarakimu tano, kistari, halafu tano nyingine. Tano za kwanza zinasema ni kitu gani: 53875 ni laina ya fenda ya mbele kulia, 53876 ni ya kushoto. Fenda za bati ni 53801 kulia na 53802 kushoto. Zile tano za pili zinasema ni ya gari gani, na mbili zake za mwanzo mara nyingi zinakutajia ukoo: 42 ni RAV4, 48 ni Harrier, 28 ni Noah, 26 ni Hiace, 60 ni Land Cruiser. Kwa hiyo ukiwa na Harrier na ukapewa laina iliyoandikwa 53876-42, usiende nayo hata kwa makanika. Irudishe hapo hapo.

Kipande kikiwa kimepotea chote, tegemea kibati cha gari. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayatumii ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Yana kodi ya modeli, yaani herufi na tarakimu za kuitambulisha (ZNE10, ACA21, ACU30, AZR60 na kadhalika), kistari, kisha namba ya gari lenyewe. Fungua boneti, kitafute kibati, kipige picha chote na si ile namba peke yake, maana hapo pana pia kodi ya rangi na ya injini.

Toyota Wish za kwanza, zilizotoka mwaka 2003, zinaonyesha vizuri kwa nini jina la gari halitoshi. Ile ya injini ya 1800, ZNE10, ina upana wa milimita 1,695. Kipimo hicho kina sababu: Japani gari likizidi milimita 1,700 linatoka kwenye kundi la magari madogo. Lakini ile 2.0Z imewekewa ovafenda na upana wake unafika milimita 1,745. Zikipita barabarani zote ni Wish. Ukinunua plastiki za tao kutoka kwenye Z ukazipeleka kwenye 1800, hazikai hata kwa dua.

Na tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, Wish hizo haziingii tena. Zilizopo ndizo tulizonazo. Tuzitunze.

Kuhusu kufunga nitaandika hapa chini, maana huko ndiko kwenye kiini cha tatizo.

---

Jinja_Njeru

Shikamoo mkuu. Mimi naona huu ni urembo tu. Laina zangu zote mbili za mbele nilizitoa zilipoanza kupiga kelele, na gari linatembea Jinja hadi Kampala bila shida yoyote.

---

FundiBodi_Ndeeba

Marahaba ndugu yangu. Litatembea, sikatai. Lakini nakuomba jambo moja: kabla ya mvua ijayo, washa tochi utazame ndani ya fenda pale laina ilipokuwa. Kwenye Toyota nyingi zenye injini iliyolala kwa upana, mikanda ya injini iko upande wa kulia, nyuma tu ya plastiki hiyo. Tairi likipiga maji ya tope, yanaruka moja kwa moja kwenye mkanda na puli zake. Mchanga ukikaa kati ya mkanda na puli unakwangua vyote viwili, na mkanda uliolowa huanza kulia asubuhi. Upande mwingine pana chupa ya maji ya waipa, soketi za taa, mara nyingine na honi. Soketi ikiingiwa na maji ya barabarani inaota ukungu wa kijani, taa zinaanza kufifia, na fundi umeme anakubadilishia balbu wakati balbu ni nzima.

Kisha kuna fenda yenyewe. Ina mkunjo kwa ndani, na tope likijaa kwenye mkunjo ule halikauki. Fenda nyingi ninazoletewa zimetoboka kwa kutu zimeliwa kuanzia ndani, wakati mwenyewe anaosha gari kila Jumamosi kwa nje.

Zirudishe kaka.

---

Dereva_Entebbe

Somo zuri. Gereji moja ilinifungia laina kwa skrubu za bati. Imekaa imara kabisa, haichezi. Kuna ubaya gani?

---

FundiBodi_Ndeeba

Asante kwa kuuliza, hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kipande hakidondoki kwa sababu plastiki ni mbaya. Kinadondoka kwa sababu klipu moja ilikatika zamani, hakuna aliyeona, upepo na maji vikakichezea kipande hadi ya pili ikachoka, na dimbwi likamalizia. Ukinunua plastiki mpya ukaifunga na klipu zile zile zilizozeeka, au ukaipiga skrubu, umeahirisha tu.

Skrubu ina madhara matatu. Inatoboa bati, na pale ilipopita rangi imeondoka, kwa hiyo kutu inaanza ndani ya tundu ambako huioni. Inabana plastiki kwa nukta moja ndogo, na plastiki ya laina hupanuka na jua na kusinyaa na baridi, hivyo inachanika kuzunguka kichwa cha skrubu. La tatu ndilo linanitisha: ncha. Skrubu ndefu inaweza kutokeza hadi kwenye fungu la nyaya, au ikaelekea tairi. Gari likiwa tupu haligusi. Siku umebeba watu na mizigo, umekata kona na usukani umefika mwisho, springi zimebonyea, ncha inachora ubavu wa tairi. Tafadhali zitoe. Sugua kutu ndani ya matundu, paka praima, paka rangi, ikauke, ndipo uweke klipu.

Sasa klipu. Kuna zile zenye kichwa cha duara na pini katikati. Nyingine pini unaibonyeza ndani kidogo kwa ncha ya bisibisi, unasikia "tik", kisha mwili wote unachomoka. Ukiibonyeza kwa nguvu sana pini inatumbukia ndani ya fenda, imekwenda. Nyingine pini inanyanyuliwa juu kwanza. Nyingine, hasa kwenye Toyota za zamani kidogo, kichwa kina mfereji wa bisibisi: zungusha robo duara, itatoka yenyewe. Tatizo ni kwamba zote zikijaa tope zinafanana, na mtu anavuta kwa koleo tu. Osha kwanza. Piga maji, piga brashi, uone ni aina gani, ndipo uguse. Na fanya kazi hii jua limepanda. Wenzetu wa Kabale wanajua asubuhi kule ni baridi. Plastiki kuukuu iliyopoa hukatika ukiikunja kidogo, ile ile ikipata jua la saa sita inakubali.

Kurudisha zile za kubonyeza: sukuma pini itokeze juu kwanza, ingiza mwili kwenye tundu, halafu bonyeza pini mpaka ilingane na kichwa. Isipolingana, haijashika.

Ukubwa wa tundu usikisie kwa jicho. Chukua keekee za drili, anza na ya milimita 6, panda 7, 8, hadi 10, ukiingiza shina lake kwa mkono. Kubwa inayoingia bila kulazimishwa ndiyo kipimo chako. Klipu ya 7 kwenye tundu la 8 itaingia vizuri, utafurahi, na itatoka barabara ya Masaka. Nunua zaidi ya unazohitaji na uweke akiba kwenye kisanduku cha mbele.

Sehemu nyingine hazina klipu, zina bolti za spana namba 10 zinazoingia kwenye vile vinati vya bati vilivyokunjwa kama U. Vinati vikioza bolti inazunguka bila kukaza. Badilisha kinati, usiongeze urefu wa bolti.

Na kwa wale wanaotaka kutoa tairi ili wapate nafasi: jeki ni ya kunyanyulia, haifai kukaa chini yake. Weka stendi, zuia tairi za nyuma kwa mawe au mbao, gari liwe juu ya sakafu ngumu.

---

Mpondwe_Spea

Mkuu umesema kweli tupu. Naongezea la kulia na kushoto. Sisi huku mpakani Mpondwe wateja wengi wanavuka kutoka Kasindi na Beni. Kongo wanaendesha mkono wa kulia wa barabara, sisi wa kushoto, na magari yao mengine usukani uko kushoto. Mteja akiagiza kwa simu "ya upande wa dereva", mimi namtumia ya kulia, yeye alitaka ya kushoto. Safari nzima imepotea.

Kaa ndani ya gari utazame mbele. Mkono wako wa kulia ndio kulia kwa gari, popote usukani ulipo. Tumieni hivyo hivyo kwenye simu.

---

Mwalimu_Bombo

Habari zenu nyote. Ningependa kuchangia kuhusu kuunga kilichokatika, maana si kila mtu anaweza kununua kipya, na vingine havipatikani.

Tafuteni ile alama iliyo kati ya mishale miwili mgongoni mwa plastiki. Kwenye laina na ovafenda nyingi mtakuta >PP< au >PP+EPDM< na herufi nyingine mbele yake. PP haishikwi na supagluu. Itashika leo, kesho mtetemo wa barabara ya murram utaibandua nzima nzima kama ganda. Gundi za kuchanganya mbili nazo ni vivyo hivyo. PP inaungwa kwa moto. Tengeneza mfereji kwenye ufa kwa kisu cha moto, zamisha vipande vya waya usioshika kutu kukatiza ufa, halafu yeyusha plastiki ya kujazia juu yake kwa pasi ya kulehemu nyaya. Fanyeni nje penye hewa.

Plastiki ya kujazia ndiyo inawakwamisha vijana wetu. Wanakata jerikani la njano kwa sababu liko kila mahali. Jerikani ni polithini, jamii nyingine, na PP haiungani nayo. Inakaa juu juu halafu inabanduka. Chukueni bampa lililovunjika lenye alama ile ile ya PP, kateni vipande vyembamba. Hiyo inaungana kweli.

Mkikuta alama >ABS<, hapo ni tofauti, ABS inakubali gundi inayoyeyusha plastiki yenyewe.

---

FundiBodi_Ndeeba

Mwalimu, Mungu akubariki. Hilo la jerikani nitalichapisha nilibandike gereji.

---

RAV4_Mbarara

Ovafenda ya nyuma kushoto imeachia upande mmoja, inapigapiga nikikimbia. Klipu naona zipo. Nini kimeachia?

---

FundiBodi_Ndeeba

Ni mkanda wa gundi wa pande mbili. Ovafenda nyingi hushikwa na klipu katikati, na ukingo wake mwembamba unabandikwa kwenye rangi kwa mkanda wa povu. Usiibandue iliyobaki kwa bisibisi, utachubua rangi. Pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake ukisaga taratibu kama msumeno. Gundi ya zamani iondoe yote, kwenye plastiki na kwenye bati, kwa kidole na spiriti. Bandika mkanda mpya wa povu wa magari (usitumie ule wa kubandikia picha ukutani), kandamiza kila inchi kwa dole gumba, halafu usilipeleke gari kuoshwa. Gundi ya aina hii hupata nguvu yake kamili baada ya saa 72 hivi. Wengi wanaoniambia "mkanda haufai" walipita kwenye mashine ya maji jioni ile ile.

Ukiwa umeifungua, kagua bati chini yake. Vumbi linaloingia pale husugua rangi kila gari linapotetemeka. Ukiona mstari mweupe au wekundu wa kutu, tibu kwanza.

---

MamaSpacio_Arua

Kaka fundi shikamoo, nimesoma yote. Naandika kutoka Arua. Langu ni Spacio, NZE121. Kilichopotea ni kipande kidogo, kama kiganja changu, umbo la pembe tatu lakini kona moja imeviringwa. Kilikuwa mbele ya tairi la nyuma, kushoto. Sina hata kipande chake, kwa hiyo namba sina. Nimeuliza maduka ya hapa, kila mmoja ananionyesha madiflapu. Mdogo wangu anasafiri kwenda Kampala kwa basi, nataka nimtume, lakini yeye magari hayajui kabisa.

---

FundiBodi_Ndeeba

Marahaba dada. Usijali kama mdogo wako hajui magari, tutampa kitu cha kushika mkononi.

Nenda upande wa kulia wa gari lako, mbele ya tairi la nyuma. Kile cha kulia kama kipo bado, ndicho pacha wake. Kitoe kwa utaratibu niliousema, osha kwanza. Geuza mgongo wake usome namba kama ipo, uipige picha. Hiyo ni namba ya kulia, na kwa Toyota vipande vya pande mbili mara nyingi hufuatana kwa namba, lakini usinunue kwa kukisia, namba hiyo itamsaidia muuzaji kufungua kitabu chake.

Halafu chukua katoni ngumu, la sabuni linatosha. Laza kipande cha kulia juu yake, uso wa nje ukitazama juu, chora ukingo wake wote kwa kalamu, na kila tundu la klipu litoboe mahali pake. Kata. Sasa ligeuze katoni lako. Umbo unaloliona baada ya kugeuza ndilo la kushoto. Upande huo ulio juu sasa andika kwa herufi kubwa "KUSHOTO NYUMA – NJE". Pima upana wa matundu kwa keekee za drili na uandike hapo hapo kwenye katoni.

Kisha kirudishe cha kulia mahali pake kabla hujakisahau mezani.

---

MamaSpacio_Arua

Nimefanya. Namba ipo, inasomeka yote isipokuwa mbili za mwisho. Matundu ni mawili, la juu keekee ya 7 inaingia, la chini ni refu kama punje ya mchele, si duara.

---

FundiBodi_Ndeeba

Safi sana. Hilo la chini lililorefuka limeumbwa hivyo makusudi, linaruhusu kipande kusogea kidogo wakati wa kukifunga. Mafundi wengine wakiliona hudhani limechanika, wanaziba. Lisizibwe. La juu ndilo linashika mahali, kwa hiyo anza kufunga la juu, usiligandamize hadi mwisho, ingiza la chini, linganisha ukingo na bati, ndipo ukaze yote mawili.

Mpe mdogo wako katoni, picha ya kibati cha boneti na picha ya ile namba. Akifika sokoni aweke kipande cha muuzaji juu ya katoni, maandishi "NJE" yakitazama juu, na matundu yapatane kabla hajatoa pesa. Kikiwa kikubwa kidogo au tundu likipishana, ashukuru aende duka linalofuata. Klipu za 7 anunue hapo hapo, achukue na za ziada kwa ajili ya upande wa kulia, maana zile ulizozitoa leo zina umri sawa na gari.